Nyoka Kitandani kwa Mama

Harufu ya viazi vya kuchemsha bado hunitia hofu. Kule kwetu, ng'ambo ya Merigi, watu husema nyoka akiwa karibu hunuka hivyo, na miaka ya tisini tuliishi naye kama jirani asiyejua kubisha hodi. Alikuwa chini ya michai, kwenye rundo la kuni, hata ghalani kwenye mahindi. Tukienda kuchuma chai tulitanguliza fimbo, ndipo mikono ifuate. Mimi nilikuwa mwoga kupindukia. Hata kamba ya ng'ombe ikiwa njiani nilipiga mayowe.

Msimu mmoja wa mvua ndefu, Mama alikuwa amejifungua dada yangu, Chebet. Baba alikuwa amepeleka chai kituoni, Mama yuko nje anaanika nepi, nami nimeachiwa mtoto aliyelala kitandani. Nyoka mweusi aliingia mlangoni, akafuata ukuta bila haraka, akapanda mguu wa kitanda na kutulia juu ya blanketi, karibu kabisa na miguu ya Chebet. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka.

Mama alikuja mbio na jembe. Kogo, nyanya yetu mzaa baba, akamdaka mkono.

"Usipige! Nyoka ikipanda kitanda ya mama mwenye mtoto, hiyo si nyoka. Ni mtu wetu alikufa zamani, amekuja kuona mtoto."

"Mtu gani, Kogo? Mimi nimeokoka! Na huyo ni mtoto wangu!"

"Ni wetu sisi wote. Weka jembe chini."

Kogo alichukua kibuyu, akamwaga maziwa sakafuni kuanzia kitandani hadi mlangoni, akinong'ona kama anayemsindikiza mgeni. Chebet akaamka, akaanza kurusha miguu. Wakati ule nilimchukia Kogo kwa moyo wangu wote. Nyoka akainua kichwa, akateremka, akapita juu ya maziwa bila kuyaonja, akatoka zake. Mama alimnyakua mtoto akaangua kilio, na kwa siku nyingi hakuongea na Kogo. Baba alifyeka vichaka vyote vya ua, na mchungaji akaja kuiombea nyumba.

Siku hizi naishi Londiani, katika nyumba ya mawe yenye sakafu ya vigae. Chebet ni mwalimu, na kisa hicho humchekesha sana. Nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho, Mama alikuja kunitunza. Asubuhi moja jirani akaua nyoka uani kwetu, nasi tukatoka kumtazama. Nilidhani Mama, ambaye hakosi kanisa hata mvua inyeshe vipi, angemshukuru Mungu. Aliinama, akamtazama yule nyoka kwa muda mrefu.

"Ilikuwa inaenda wapi?" akauliza.

"Ilikuwa inakuja kwa nyumba," jirani akajibu.

Mama alimchukua mtoto mikononi mwangu, akaingia ndani. Alimpakata mpaka jioni, na kila nilipomwomba amlaze kitandani, alikataa.