Kioo Kilichosuguliwa kwa Majivu

Mama mukwe wangu alikisugua kwa majivu. Kipimo cha pe-ashi, cha kujua ukali wa maji, kile komite ya maji ilichonipa kwa sababu nilisoma biyoshimi, masomo ya kemia na viumbe, mupaka diploma, alikisugua kama sufuria, kisha akakianika juani.

"Wageni wanakuja, mutoto wangu. Utawaonyesha kitu kichafu?"

Nilitamani kupiga kelele. Kioo chembamba cha nchani hakitakiwi kukauka. Kinalala ndani ya kofia yake yenye maji ya chumvi. Kikikauka kinasema uongo. Na siku hiyo pedeje, bosi mwenye shimo la dhahabu, ambaye watu wake wanatumia asidi upande wa juu wa chemchemi yetu, alikuwa amekubali mbele ya komite: maji yakionekana makali, atawahamisha watu wake. Binti yangu alikuwa na vidonda toka magoti mupaka vidole, vya kuogeshwa maji yale.

Nikakiloweka ndani ya maji yake ya chumvi. Pikipiki zikafika bado kinalowa.

"Mama, tupime basi," pedeje akasema. "Niko na safari ya Salamabila."

"Ngoja."

"Kitu kidogo hivi kinaiva polepole kama majani ya sombe jikoni?"

Wanakomite wakacheka. Binti yangu akalia mugongoni. Nikakitumbukiza ndani ya dawa ya saba, maji ya kujaribia ambayo kipimo kizima kinasoma saba: kikasema nane, kikashuka, kikapanda tena. Nikakisuuza kwa maji safi ya sindano, ya kununua farmasi, nikarudia. Mwishowe kikaleta saba, kikatulia. Dawa ya nne, ile yenye asidi, nne. Ndipo nikashika njia ya chemchemi, wao na mama mukwe nyuma yangu.

Maji yetu yakaleta nne na kidogo.

"Kimeharibika hicho," pedeje akasema. "Bibi mwenyewe ametuambia njiani alikisugua na majivu."

Mama mukwe akainamisha kichwa. Mimi nikakisuuza, nikakirudisha ndani ya dawa ya saba, karibu na pua ya pedeje. Saba.

"Soma," nikamuambia.

Akageuza uso. Hapo mama mukwe akachota kopo chemchemini, akamunyoshea pedeje kwa mikono miwili, vile tunapokea mugeni kwetu.

"Karibu, baba. Kunywa."

Pedeje akatazama kopo. Akawatazama wanakomite; sasa hakuna aliyecheka. Akamugeukia mwenye kuendesha pikipiki yake.

"Panda kule juu. Waambie wabebe vyombo vyao, wahame leo."

Mama mukwe hakushusha mikono mupaka pikipiki ilipowaka.