Mtoto wa Miezi Minane

Mwaka ule nilirudi likizo kutoka bwenini nikajiona daktari. Nilikuwa nimesoma somo la afya, basi. Dada yangu alikuwa amekuja nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Uchungu ulipomshika nikahesabu harakaharaka kwa vidole. Alisema alikosa damu walipokuwa wakipanda mpunga. Kutoka kupanda mpunga mpaka leo, miezi minane! Na kwetu kila mtu alisema hivyo hivyo: mtoto wa mwezi wa saba huishi, wa nane haponi.

Mtoto alitoka asubuhi, wa kike. Nikapiga kelele, "Hajakomaa! Msimwogeshe! Leteni pamba tumfunike! Mtumbwi uko wapi, apelekwe dispensari!"

Dada akaanza kulia. Hata kupumua sikumwacha, maskini.

Shangazi, ambaye ndiye aliyemzalisha, hakuinua kichwa. "Nyamaza, mwalimu. Njoo umsome huyu kwanza."

Akaukunja ukingo wa sikio la mtoto kwa kidole, akauachia. Ukaruka ukarudi mahali pake! "Asiyekomaa, sikio lake hulala tu kama mchicha uliochemshwa." Akageuza unyayo: mikunjo tele mpaka kisiginoni. Kucha nazo zimefika nchani mwa vidole, moja imeshamkwaruza shavu.

"Lakini mpunga!" nikasema.

"Mpunga wa nani?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

Hapo nikakumbuka. Dada ameolewa Ndera, upande wa juu wa mto. Mafuriko huko hupungua mapema, na wao hupanda mwezi mzima kabla yetu. Mimi nilihesabu kwa shamba letu la huku chini, Golbanti!

Shangazi akacheka mpaka leso ikamvuka. "Miaka yote hiyo shuleni, na hujui mto unatoka wapi!" Nikacheka na mimi, nikashindwa kuacha, mbavu zinauma.

"Lakini atanyonya?" dada akauliza. Yeye hakucheka.

Shangazi akamweka mtoto kifuani pa dada. Mtoto akatafuta, akakosa, akakasirika, uso ukawa mwekundu, kisha akaikamata chuchu.

"Uwi!" dada akaruka. "Ananivuta mpaka mgongoni!"

Mama akapiga vigelegele, mimi nikarukaruka kama mwehu. Dada, machozi hayajamkauka, akanitazama. "We, acha kuruka, niletee chakula. Huyu atanimaliza."

Nikatoka mbio kwenda jikoni.