Bendera za Lenah Bado Ziko Stoo

Saa tisa alasiri redio inatangaza kwamba Kenya imeshinda tena, na Kianda nzima, hapa Kibera, inapiga vigelegele. Lenah Nalianya peke yake amenuna. Anakanyaga cherehani kwa nguvu hadi uzi unakatika.

"Wamuyu tena!" ananiambia. "Leo ni mara ya ngapi?"

Wamuyu si mkimbiaji. Ni fundi wa Kawangware, mwenye nyumba za kupangisha na cherehani sita, aliyepata tenda ya kushona bendera za Michezo ya Afrika mwaka huu wa 1987. Kazi ilipomzidi alimgawia Lenah bendera kumi na mbili, shilingi thelathini kila moja. Za Kenya akabaki nazo mwenyewe. Lenah akapewa za Lesotho.

Desturi ya michezo hii ni kwamba shindano likiisha hupandishwa bendera tatu, ya mshindi katikati, juu ya zingine. Mpaka leo hakuna hata moja ya Lenah iliyopanda.

"Ile ngao ya kwenye bendera ya Lesotho ilinimaliza siku mbili," anasema. "Na iko tu kwa stoo ya uwanja, imekunjwa. Wivu ninao, sitakudanganya. Unaniuma hapa." Anajigusa kifuani.

Tukiwa bado tunaongea, Wamuyu mwenyewe anaingia na mfuko kwapani. Bendera moja ya Kenya imepigwa na upepo hadi ukingo umefumuka, na mafundi wake wote wamekimbilia uwanjani.

"Mama Wakoli, nisaidie," anamwambia Lenah. " Inatakikana kesho asubuhi."

Lenah anaikagua polepole, na furaha yake haifichiki.

"Uzi mwembamba hivi, Mama Kihara?" anamuuliza Wamuyu. " Na ulikunja mara moja tu?"

Wamuyu anaenda kununua soda.

"Nimefikiria nishone ovyo," Lenah ananinong'oneza. "Iraruke huko juu, watu waone kazi yake."

Hashoni ovyo. Anafumua ukingo wote, anaukunja mara mbili na kuushona kwa uzi mzito.

Michezo mingine ikija Nairobi, anasema, ataenda kuomba tenda mwenyewe, na ataanza na za Kenya. Lakini kwanza kuna marathoni ya kesho, na Lesotho ina mkimbiaji. Lenah atafunga kibanda aende Kasarani.

Namuuliza atamshangilia nani. Anachungulia mlangoni kama Wamuyu amerudi, kisha anashusha sauti.

"Mungu anisamehe. Kenya iwe ya pili."