Udongo wa Simi-Simi

Joëlle hufundisha historia hapa Kisangani asubuhi, na alasiri huandika riwaya. Ile ya kwanza ilisimulia mji huu mwaka 2050, na ndani yake kaka yake Noël alikuwa mzee anayeendesha kivuko. Noël wa kweli alitoka kutafuta maji mwaka 2000, katika vita vya siku sita vya mjini humu, hakurudi. Mama yao, Mama Augustine, aliipenda riwaya ile. Matanga ya mwanawe alikuwa hajayafanya. Mlango wa mbele hakuutia komeo tangu vita.

Riwaya mpya ilihusu vita vyenyewe. Joëlle husoma kwa sauti kila anachoandika, maana sentensi mbovu huisikia kabla ya kuiona. Jumapili moja, barazani, alisoma namna Noël alivyoanguka katika nyasi za Simi-Simi, nyuma ya uwanja wa ndege wa zamani, ndoo ikabingirika.

Uani, mama alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Mchi ulinyamaza. Kisha likaja yowe.

Majirani walilitambua yowe lile: la msiba. Punde viti vya plastiki vikajaa uani, na tonton Rachidi, ndugu wa mama, akafika.

"Donc, kumbe ulikuwa unajua, na ulinyamaza?"

"Tonton, ni roman, riwaya tu. Nilitunga."

"Ile ya mzee wa kivuko ndiyo ulitunga. Hii iko historia, weye mwenyewe ulisema."

"Na mwalimu wa historia atadanganya juu ya kaka yake?" jirani mmoja akaguna. "Aa, mademoiselle!"

Mama Augustine alitoka ndani amevaa viatu vya kanisani, kitambaa kichwani.

"Unipeleke," alisema. "Mwili ukikosa, tunazikaka udongo wa pale mutu alianguka."

Joëlle alifungua kinywa aseme kweli. Akautazama uso wa mama yake, uliokuwa umetulia kama ambavyo hakuwahi kuuona ukitulia. Akatangulia.

Simi-Simi hakuwahi kufika tangu utotoni, lakini nyasi zilikuwa vilevile alivyoziandika. Alichagua mahali karibu na kichuguu.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, mama."

Mama alipiga magoti, akachimba kwa vidole. Joëlle akaomba visikute kitu. Halafu hakujua tena alichokuwa akiomba.

Udongo ulifungwa katika kitambaa. "Twende nyumbani, papa," mama akauambia, kama alivyozoea kumwita mwanawe.

Wakarudi kwa njia nyembamba, na Joëlle, nyuma, akajikuta anaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.