Kurasa Zilizofungwa kwa Neno la Siri

Fundi saa alipostaafu kwa sababu ya mikono kutetemeka, binti yake alimfungulia wiki: tovuti ndogo ya nyumbani ambayo wenyewe waliandika kurasa na kuzirekebisha watakavyo. Aliiweka kwenye seva ya kukodi, kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti, maana kutunza seva za watu ndiyo kazi iliyompatia riziki. Mzee alisimulia, binti akaandika: namna ya kusafisha mashine ya saa, wateja wasumbufu, hata ugomvi wake na marehemu mkewe. Kila asubuhi mzee alishika simu akajisoma. Kwa kuwa kurasa zilikuwa nyingi na subira yake haba, binti alimwonyesha njia ya mkato.

"Baba, we anzia 'Mabadiliko ya karibuni.' Hapo unaona kilichoongezwa tu."

Kisha mzee akaugua, na daktari akamwita binti pembeni. Ini limekwisha, alisema, zimebaki dawa za kutuliza maumivu. Binti akaamua mzee asijue, na tuseme kweli, ulikuwa uamuzi wa kipumbavu uliofanywa kwa mapenzi. Kaka zake walikuwa mbali na kila mmoja alidai habari, basi akawaandikia humo humo kwenye wiki: majibu ya vipimo, maumivu, wapi watamzika. Kurasa hizo akazifunga kwa neno la siri, akazijaribu, zikakataa kufunguka. Akalala ametulia. Lakini kinyozi hajinyoi. Orodha ya mabadiliko hakuifunga, kwa hiyo kurasa zilifichika, vichwa vyake vikabaki hadharani.

 Mzee alikula alichoweza, akamtania binti kwamba anapika kama mtu anayelipiza kisasi, na alipoulizwa hali alijibu, "Nitapona tu, mwanangu." Binti aliitikia, "Utapona, baba," kisha akaenda kulia bafuni huku amefungulia maji.

Siku moja, akikagua kumbukumbu za seva, aliona simu ya mzee imefungua orodha ile kila asubuhi. Akaifungua naye. "Ini: majibu." "Muda uliobaki." "Mahali pa kuzika." 

Alimfuata mzee chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mzee alikuwa amebaki ngozi na mifupa.

"Baba, uliona?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulihangaika sana kunificha. Nikaona nikusaidie."

Binti akalia mbele yake, bila kujificha tena. Alimwomba wazungumze sasa, aulize lolote, aseme lolote, yeye atasikiliza hata kukicha.

Mzee alimtazama kwa huruma, akavuta pumzi ya kwanza, ya pili, ndipo sauti ikatoka.

"Nilikuwa na mengi ya kukwambia. Nilikuwa nayapanga nikiwa nimelala hapa. Sasa pumzi hainitoshi, mama."

Akafumba macho. Binti alisubiri, akidhani ataongeza neno, lakini hakuongeza.