Viatu Vilivyotetemesha Nyumba ya Mbao

Naona haya kusimulia jambo hili, lakini likibaki moyoni litanila. Volkano iliunguza duka langu, nikawa nashinda ndani nikiwaza tu, hadi muuguzi akanishauri nifanye mazoezi ya kuruka juu ya sanduku na kushuka. Nikaenda soko la Katoyi kutafuta viatu.

"Mama, chukua hizi za mupira laini," muuzaji aliniambia. "Zinameza kishindo, magoti haitauma."

Mimi mjuaji nikachagua vya soli nene, ngumu kama tofali. Nilidhani ugumu ndio uimara.

Nyumba yetu ni ya mbao, na sakafu moja ya mbao inaungana hadi kwa jirani yangu, Mama Kavira, anayemuuguza mama yake. Asubuhi ya kwanza ya mazoezi mvua ilikuwa ikinyesha. Nikavaa viatu, nikaruka kwa nguvu zote. Punde nikamsikia Mama Kavira akimwambia mama yake ng'ambo ya ukuta: "Inatetemeka tena. Tutoke."

Siku hizo ardhi ilikuwa bado inatikisika, kwa hiyo nilisimama nikasikiliza. Kimya. Nikaona tetemeko limepita, nikaendelea kuruka.

Mlango ukasukumwa. Mama Kavira aliingia amelowa chapachapa, akinyoosha mkono.

"Nimekuja kukutosha inje, nilifikiri umelala," alisema. Kisha akatazama sanduku, akatazama miguu yangu, na mkono ukashuka.

"Kumbe njo weye unatetemesha nyumba," akasema polepole. "Na mama yangu nimemulaza pale barabarani, ananyeshewa."