Manyoya ya Njano

Hadiya alikata simu bila kuaga, na kwa mtu aliyelelewa Mombasa hilo si jambo dogo. Hata ukiwa umekasirika vipi, unamuuliza mwenzio wa nyumbani hawajambo, unawasalimia watoto, ndipo unaweka simu. Lakini Jumatatu ile, wiki ya mwisho ya Ramadhani, mwaka 2000 ukiwa bado mbichi, Hadiya aliibamiza simu mpaka kalenda ya ukutani ikacheza.

"Ati samaki wangu najisi!" akaliambia friji, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine jikoni. "Mimi! Najisi!"

Aliyepiga simu ni Abdulhafidh, kaka mkubwa wa mumewe, anayekaa Houston. Kila Idi ukoo mzima hukusanyika nyumbani kwa Amna, dada yao, kule Sugar Land, na kila Idi Hadiya huteremka kutoka Grand Prairie, anakokaa na mumewe, na samaki wa kupaka. Ni sinia lake. Watu wana pilau zao na biriani zao, lakini sinia la samaki ni la Hadiya, na watu huanza kuliulizia tangu Shabani. Mwaka huu Abdulhafidh alikuwa ameshawapigia watu simu, nyumba hadi nyumba, kuwaambia wasiliguse.

Sababu? Manyoya.

Samaki wenyewe wanaitwa krapi. Ni wapana kama kiganja, weupe wenye madoadoa meusi, na wanaenea wazima wazima ndani ya kikaango. Huvuliwa kwa kitu kinachoitwa jigi: ndoana ndogo yenye kichwa cha risasi, na nyuma yake mkia wa kumdanganya samaki. Mkia huo unaweza kuwa wa plastiki laini, wa kununua, unaoteleza kama peremende iliyokwisha kunyonywa. Au unaweza kuwa wa manyoya yaliyofungwa kwa uzi, kwa mkono, na hapo ndipo Hadiya alipoingia.

Alijifunzia kazini. Hadiya ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, na kulikuwa na mzee mmoja wa Kitexas, Bwana Purvis, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa hata kikombe hashiki, ila bado alikuwa na boksi la ndoana chini ya kitanda. Akawa anamwelekeza kwa mdomo, Hadiya anafunga. Siku ya kwanza mzee alimtazama akizungusha uzi akamwuliza, "Wewe umefanya hii kazi wapi?" Hadiya akacheka. Alikuwa ameshona kofia tangu ana miaka kumi, zile za viua, tundu kwa tundu. Kufunga unyoya juu ya ndoana kulikuwa mchezo tu.

Manyoya aliyatoa wapi? Kwa mumewe mwenyewe! Kila mwezi Shuaib huenda shamba moja lililo mbele ya Mansfield, ambako mwenye shamba anawaruhusu Waislamu wachinje kuku kwa mikono yao. Shuaib anachinja, Hadiya ananyonyoa, na yale manyoya laini ya chini ya bawa anayaosha kwa sabuni na kuyachemsha kwa siki na bizari ya manjano mpaka yanawaka kama jua. Mengine anayatia hina.

Basi Abdulhafidh alipokuja kuwatembelea mwezi wa Shabani, aliyaona yamewekwa mezani yakikauka. Hakuuliza kitu. Alikunywa chai, akala mahamri, akaaga vizuri. Kumbe moyoni ameshatoa hukumu.

"Shemeji," alikuwa amemwambia kwenye simu, kwa ile sauti yake ya taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "unyoya wa mnyama asiyechinjwa kisharia ni najisi. Hilo unalijua."

"Nalijua. Na hawa wamechinjwa. Kawachinja nduguyo."

"Shemeji, kuku gani wa njano?"

"Ni bizari, shemeji! Bizari! Ile unayotia kwenye mchuzi!"

"Mm. Hayo ni ya dukani, yametiwa rangi kiwandani. Usione haya, si kosa kubwa. Nimemwachia Shuaib pakiti za plastiki, vulia hizo. Ninazo katoni nzima kwenye gari, nawauzia madereva wenzangu."

Ahaa. Katoni nzima! Nyuma ya gari la Abdulhafidh kuna kanzu, udi, kadi za simu za kupigia nyumbani, na sasa plastiki za kuvulia. Hadiya aliuma meno.

"Na hiyo kofia unayoivaa kila siku, shemeji, aliyeishona ni nani? Si mikono hii hii? Mbona huivui?"

"Usinigombeze, shemeji. Nakuonea huruma tu."

Hapo ndipo simu ilipobamizwa.

Shuaib aliporudi kutoka kwenye bohari anakofanyia kazi, alimkuta mkewe amesimama mlangoni. Kabla hajavua viatu alikuwa ameshasikia yote, mara mbili.

"Mpigie," akasema Hadiya. "Mpigie sasa hivi umwambie kuku umewachinja wewe."

Shuaib akakuna shingo. "Si unamjua kaka. Ukimbishia ndiyo anazidi."

"Sikukwambia umbishie. Nimekwambia umwambie."

"Tutaona. Tufuturu kwanza."

Tutaona! Hadiya alimtilia uji kwenye bakuli mpaka ukamwagika. Abdulhafidh kutomwamini, hilo aliweza kulivumilia. Mtu mzima, amezoea kusikilizwa. Lakini huyu aliyeshika kisu mwenyewe, aliyesema bismillahi mwenyewe, ananyamaza anakunywa uji? Hilo lilimkaa kooni kama mwiba.

Siku iliyofuata akampigia simu Amna. "Wifi yangu," Amna akanong'ona, "vua kwa hizo plastiki, yaishe. Au vua kwa unachotaka, halafu sema ni plastiki. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na nimefunga!"

"Basi usiseme kitu. Weka sinia, nyamaza."

"Nikinyamaza nitakuwa nimekubali."

Hata hivyo Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alipokwenda ziwani alichukua vyote viwili: kijaluba chake cha manyoya na zile pakiti za Abdulhafidh. Kwa ajili ya Amna, akajiambia. Upepo ulikuwa mkali, gatini hapakuwa na mtu isipokuwa yeye, amejitanda mtandio juu ya koti na koti juu ya sweta. Midomo ilikuwa imekauka kwa saumu.

Alianza na plastiki. Akatupa mshipi, akangoja. Akatupa tena. Rangi ya waridi, rangi ya kijani, moja hata inametameta. Maji ya Januari ni baridi, na krapi kwenye baridi hawakimbizi kitu. Wanakaa tu chini wamezubaa, chakula kikipita mbele ya pua wakiwa na hamu wanafungua mdomo. Ukiivuta plastiki ile inatikisika, ukiiacha inaning'inia kama kipande cha raba. Hakuna kitu. Mwisho hakusikia hata kuguswa.

Aliishika plastiki ile kwenye kiganja akaitazama. Kwa hiki kidude ndiyo aseme uongo siku ya Idi? Kwa hiki ndiyo akiri kwamba hajui kilichochinjwa na kisichochinjwa, yeye, mwenye kusali toka hajajua kusoma?

Akaifungua akaitia mfukoni, akafunga ya manyoya.

Ukitaka kujua tofauti, itazame ndani ya maji. Manyoya hata usipoyavuta yanapumua. Yanajikunja, yanajikunjua, kama kitu kilicholala usingizi. Mshipi ukalegea kidogo, kidogo sana, mtu asiyejua angedhani ni upepo. Hadiya akainua fimbo, na krapi wa kwanza akaja juu akipigapiga mkia. Kisha mwingine. Mpaka Alasiri ndoo ilikuwa imejaa na yeye alikuwa akisema peke yake gatini kwa sauti, "Najisi, ee? Najisi? Haya, njoo na wewe. Njoo!"

Mwezi ukaandama. Jumamosi asubuhi, baada ya kuendesha gari usiku wa kuamkia siku hiyo na kusali sala ya Idi na wenyeji wa Houston, nyumba ya Amna ilinukia udi na nazi. Wanaume walikaa sebuleni kwenye mazulia, wanawake upande wa jikoni. Hadiya alitoka na sinia lake, samaki wamepakwa tui zito lenye ndimu na pilipili, akaliweka katikati ya wanaume.

Mikono iliyokuwa ikielekea kwenye wali ikasita.

"Shemeji," akasema Abdulhafidh kwa upole, "hawa umewavulia nini?"

"Manyoya," akajibu Hadiya. "Ya njano. Wote, kuanzia huyu mpaka yule."

Mikono ikarudi. Ngwali, Mzanzibari mmoja dereva wa lori, mtu mwenye tumbo lisilojua siasa, akaguna. "Jamani, nimefunga mwezi mzima, na huyu samaki ananitazama machoni."

Hakuna aliyecheka sana. Hadiya hakumtazama Ngwali wala Abdulhafidh. Alimtazama mumewe. Akasimama pale pale, mikono kiunoni, akamtazama mpaka watu wengine nao wakaanza kumtazama. Shuaib akajifanya anatafuta kijiko. Hakukuwa na kijiko. Wanakula kwa mikono.

Akakohoa. "Kaka... wale kuku nimewachinja mimi."

"Wote?"

"Wote. Na rangi ni bizari. Jikoni kwetu kunanuka mpaka leo."

Abdulhafidh akanyanyua nyusi, kisha uso wote ukafunguka. "Aa! Sasa, bwana, si ungesema? Ndugu yangu akishasema basi. Bismillahi, jamani, karibuni!"

Mikono yote ikaenda kwa pamoja. Ngwali alikuwa ameshafika kwenye mgongo wa samaki mnono kuliko wote, pale sinia lilipoinuka na kuondoka.

"Shemeji?" akasema Abdulhafidh, vidole vikiwa hewani.

"Mimi niliyasema haya haya Jumatatu," akasema Hadiya. Sauti ilimtetemeka, na kutetemeka kwenyewe kukazidi kumkasirisha. "Maneno haya haya, bizari hii hii. Nilikuwa nasema Kichina? Neno langu lilikuwa limekosa nini, ndevu? Wali huo hapo. Mchuzi huo hapo. Idi njema."

Akageuka na sinia lake.

"Mke wa watu huyu!" Ngwali akalalamika. "Mimi nimekosa nini?"

Upande wa jikoni wanawake walikuwa wamesikia kila kitu. Walishampisha nafasi kabla hajafika. Amna alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la leso. Walikula kwa vidole, wakinyonya miiba na kulamba tui vidoleni, jinsi samaki walivyokuwa watamu. Hadiya alikula kwa hasira, tonge kubwa kubwa.

Shuaib akaja kusimama mlangoni. "Hadiya. Si nimesema?"

"Umesema sinia lilipokuwa mbele yenu. Mimi nilikutaka useme siku ile nilipokwambia umpigie simu."

Shuaib alingoja pale pale mlangoni. Watoto walipita katikati yao wakikimbizana na kupiga kelele kwa Kiingereza. Mwishowe Hadiya akachukua kisahani, akatia kichwa cha samaki, kichwa kitupu, akampa bila kumtazama.